Mirsini, Mgawa Ruhusa wa Kinu cha Zeituni

Binamu yangu Mirsini hana ubaya na mtu, ila ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kimeachwa wazi akanyamaza. Mama mkwe wake aliwahi kulalamika kijiji kizima kwamba katika nyumba ile hata chumvi inaombewa ruhusa. Si kweli. Chumvi iko mezani. Lenye kufuli ni friji kubwa la chini, na yeyote aliyewahi kumwona mume wa Mirsini akiwa peke yake na jibini atalielewa kufuli lile.

Mimi ni Argiro. Napima zeituni katika kinu cha ushirika wetu hapa Kato Vrisi, kijiji cha kisiwa kimoja cha Ugiriki, na msimu ukishaanza sioni tena jua wala ndugu, naona magunia, mizani, na watu wanaotaka kupimiwa kabla ya wenzao. Baba yake Mirsini alikuwa mchochea moto wa kinu cha zamani, kile cha mvuke. Alinuka moshi hata siku ya Pasaka. Binti yake akapata akili ya vitabu, akaenda kusomea kompyuta Thesaloniki, kisha Athene ikammeza kama inavyomeza watoto wetu wote.

Huko alifanya kazi katika kampuni moja ya bima. Alikuwa mlinzi wa hifadhidata, yaani yale majedwali makubwa ya kompyuta yanayoshika habari za watu. Kazi yake ilikuwa kuamua nani aone nini, nani aandike nini, na nani asiguse kabisa. Alipoanza, hakuna aliyemsikiliza. Ofisi nzima ilikuwa inaingia kwa jina moja na neno la siri moja, maana ndivyo ilivyokuwa rahisi. Siku moja malipo ya mteja yakabadilishwa, na lawama ikamwangukia kijana aliyekaa karibu na kompyuta ile. Akafukuzwa. Hakuwa yeye, na aliyefanya hakujulikana kamwe, kwa kuwa mbele ya kompyuta wote walikuwa mtu mmoja. Mirsini alinisimulia habari hiyo huku akilia kwa hasira, na tangu hapo ukimtajia neno la siri la pamoja ni kama umemtukania mama.

Alirudi kwa ajili ya ndoa. Ushirika ulimwajiri baada ya aibu fulani iliyotupata: mtu alikuwa ameingia kwenye mfumo wetu na kuyafanya mafuta ya shemeji yake mwenyekiti yaonekane mazuri kuliko yalivyokuwa. Kila mtu alimshuku kila mtu. Mirsini alipouliza tunaingiaje kwenye mfumo, tukamwonyesha. Sote tuliingia kwa jina la "kinu", na neno la siri lilikuwa jina la Malaika Mkuu, mlinzi wa kisiwa chetu, ambalo hapa kisiwani analijua hata mtoto wa kubatizwa. Na kwa wasiolijua, lilikuwa limebandikwa kwenye mizani.

"Mmemkabidhi Malaika," alisema Mirsini. "Sawa. Lakini Malaika hana kidole cha kubonyeza. Nani alibonyeza?"

Akaanza kugawa. Kila mtu akapewa jina lake na neno lake la siri, na kila jina likawekwa kwenye fungu lake la kazi: wapimaji, mhasibu, viongozi, wanachama. Ruhusa zikapewa fungu, si mtu, ili mtu akihama kazi ruhusa zisimfuate nyumbani kama paka. Mimi nikapewa kuandika uzito wa zeituni zikiingia. Kufuta sikupewa. Nikikosea, naandika sahihisho chini yake, na kosa langu linabaki pale juu likinicheka. Tulinuniana kwa sababu hiyo, sifichi.

Mwenyekiti wetu, Taksiarhis, yeye aliumia zaidi.

"Wewe utasoma, Mwenyekiti," Mirsini alimwambia. "Hutaandika."

"Mimi? Mwenyekiti wa ushirika?"

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini, binti wewe? Nimekubeba mgongoni mimi!"

"Ndiyo maana huandiki. Watu wakuheshimu kwa kura walizokupa, mambo ya kilo muachie Argiro."

"Na wewe je? Utakuwa mungu mdogo huko ndani?"

"Funguo kubwa ninazo, za kujenga na kubomoa. Lakini kwenye akaunti yangu ya kila siku sioni hata kilo moja ya mtu. Siku nikizitumia zile kubwa, mfumo unaniandika, na taarifa inakuja kwako."

Taksiarhis alikunja uso, akajaribu kutotabasamu. Kupewa taarifa za mtu kulimpoza.

Hayo yote tuliyameza. Kilichotukwama kooni ni skrini. Pale kinuni, juu ya bomba linapotokea mafuta, palikuwa na skrini kubwa iliyoonyesha jina la mtu, kilo za zeituni alizoleta, na uwiano wake, yaani zeituni kilo ngapi zimetoa kilo moja ya mafuta. Nne kwa moja ni sherehe. Tano kwa moja, mshukuru Mungu. Ukifika nane kwa moja unatoka kwa mlango wa nyuma. Sasa sisi wakati wa msimu tunakaa pale kando ya jiko, tunachoma mkate, tunauchovya kwenye mafuta mapya na kutazama uwiano wa jirani. Hatuna mchezo mwingine majira ya baridi.

Mirsini akaizima. Mafuta ya mtu ni siri yake, alisema. Akatengeneza mfumo hivi kwamba kila mwanachama akiingia kwa simu yake anaona mstari wake tu katika jedwali, na mistari ya wengine ni kama haipo duniani. Skrini ikabaki kuonyesha namba ya zamu. Mzee Ignatis, ambaye hujawahi kumsikia akizungumza kwa sauti ya kawaida, alisimama mbele ya skrini hiyo, kipande cha mkate mkononi.

"Sasa mimi nitazame nini hapa? Uso wa Taksiarhis?"

"Tazama mafuta yako, Mzee Ignatis."

"Yangu nayajua! Ya wenzangu ndiyo yananipa hamu ya kuishi!"

Tulicheka sana, tukanung'unika sana, kisha tukazoea. Watu wakaanza kusema uongo kwa raha. Mkahawani kila mwanamume akawa ana nne kwa moja, na Ignatis ndiye aliyeongoza kwa kelele.

Mwaka huo inzi wa zeituni alipita. Huyu inzi ana vituko: anaweza kula shamba hili na kuliacha lile la pili yake likicheka. Mashamba ya bondeni, penye unyevu, yaliumia, ya mlimani yakapona. Nani kaumia kiasi gani hakuna aliyejua, maana kila mtu alikuwa na mstari wake mfukoni na uongo wake mdomoni.

Mirsini alikuwa akipita kwa wazee kuwawekea akaunti zao kwenye simu, nami nikamsindikiza kwa Bibi Ralu. Ni mjane, anaishi mwisho wa kijiji, na ana shamba dogo kule bondeni. Mwanamke wa kiburi, wa kile kiburi kizuri, anayepiga pasi hata vitambaa vya jikoni. Akatukaribisha chakula: mboga za porini za kuchemsha, limau, mkate. Akatumiminia mafuta juu ya mboga, na mimi kabla sijatia mdomoni pua ikaniambia.

Alizeti.

Hapa kwetu mtu anaweza kukosa nyama. Anaweza kukosa meno. Lakini kumwagia mboga mafuta ya alizeti ya dukani, katika nyumba yenye shamba la zeituni! Nilimtazama Mirsini, Mirsini akatazama sahani. Tulikula zote, tukasifu.

"Msimu umekuendeaje, Bibi?" Mirsini aliuliza.

"Yametosha, mwanangu. Nashukuru."

Tulipofika nje, Mirsini alitembea mbio mbele yangu mpaka kanisani. Hapo akasimama.

"Bila shaka kauza kidogo alichopata ili anunue kuni," alisema. "Mbona hakuna aliyempelekea debe? Nikiwa mdogo nilikuwa naona madebe ya mafuta milangoni."

"Utapelekaje debe usikokujua?"

"Zamani mlikuwa mnajuaje?"

"Kwa skrini, shoga! Na kabla ya skrini, kwa macho, kwenye bomba. Ulidhani tunakaa pale kwa ajili ya mkate tu?"

Nikamweleza, maana aliondoka mdogo na mambo haya hayasemwi. Mwaka wa mtu ukiwa mbaya, watu wanauona uwiano wake na hawasemi kitu. Halafu mmoja anapita mlangoni kwake na debe, anamwambia, hebu niwekee hili, sina mahali pa kuliweka. Mwenye nyumba ananung'unika kwamba na yeye hana nafasi. Debe linabaki. Mwaka unaofuata labda linarudi, labda linakwenda mlango mwingine. Husuda yetu yote ile ya kando ya jiko ilikuwa na kazi hiyo ndani yake, na sisi wenyewe hatukuwa tumeiona mpaka ilipokatika.

Mirsini alikaa kwenye ukuta wa kanisa, akashika kichwa.

"Nimemfungia mafuta Bibi Ralu," alisema. "Mimi, kwa mikono yangu."

Nilimhurumia. Nilikuwa na hasira naye pia, lakini nilimhurumia.

Taksiarhis aliposikia, aliona jambo dogo. "Una zile funguo kubwa," alimwambia Mirsini. "Ingia, tazama nani kaumia, ninong'oneze. Mimi nitapitisha neno kimya kimya."

"Wewe? Kimya kimya?"

"Basi mnong'oneze Argiro."

"Ndiyo kabisa, Argiro na siri," Mirsini alisema, na sikupenda alivyonitazama. "Sikilizeni. Bibi Ralu hakuniambia mimi, kaniambia yametosha. Nikichungulia leo kwa huruma, kesho nitachungulia kwa umbea, na keshokutwa tuko palepale pa Malaika."

"Kwa hiyo bibi wa watu aendelee kula alizeti?" niliwaka. "Kwa ajili ya kanuni zako?"

"Nipe nafasi nifikiri."

Niliona ni ukaidi tu. Niliondoka nikabamiza mlango, na mlango ule ni mzito, nilijiumiza bega. Lakini Mirsini alikuwa anafikiri kweli. Alijifungia ofisini na kahawa yake, na alipotoka alikuwa amebadilisha kitu kimoja tu. Zamani ruhusa ya kuona mstari ilitoka kwake. Sasa alimpa kila mwanachama uwezo wa kuitoa mwenyewe: andika jina la mtu, na mtu huyo ataona mstari wako, wako tu. Ukimchoka, unafuta jina, na mlango unafungika. Yeye Mirsini hakuwa na mkono humo, wala mwenyekiti.

Tukarudi kwa Bibi Ralu. Mirsini hakuzunguka.

"Bibi, nimekuja kukuomba radhi na kukuuliza jambo. Watu walikuwa wanaona mafuta yako, mimi nikawafumba macho bila kukuuliza. Unataka waone?"

Bibi Ralu aliendelea kupiga pasi. "Nani kakwambia nina shida?"

"Hakuna. Sijatazama."

"Ungeweza?"

"Ningeweza."

Pasi ikasimama. Yule mama alimtazama Mirsini kwa muda, kama anayempima upya. "Sitaki kijiji kizima," alisema hatimaye. "Wataanza kuniinamishia vichwa. Sitaki kuinamishiwa vichwa, sijafa."

"Si lazima wote. Mmoja tu. Nani?"

"Ignatis."

Nilipiga ukelele. Wawili hao hawakuwa wamesalimiana tangu mizizi ya mtini wa Ignatis ilipobomoa ukuta wa Bibi Ralu, na Ignatis akadai ukuta ndio ulioanza.

"Bibi, Ignatis? Atakucheka!"

"Si ndiyo nataka? Wengine wote watanionea huruma. Yule atafurahi. Mwache afurahi, wewe. Mtu mwenye furaha mkono wake mwepesi kutoa."

Mirsini aliinua kidole chake kutoka kwenye simu, akamkabidhi simu hiyo. "Bonyeza mwenyewe, Bibi. Mwenye mstari ni wewe."

Mchana wa siku ya pili nilikuwa kwa Bibi Ralu, nilienda makusudi, tuliposikia sauti mtaani ambayo isingeweza kuwa ya mtu mwingine.

"Ralu! Fungua! Nane kwa moja, Ralu! Uliwalisha mbuzi hizo zeituni au ulizileta kinuni?"

Bibi Ralu akafungua. Ignatis alikuwa amebeba debe begani, uso umemwiva kwa furaha na mzigo.

"Niwekee hili. Sina mahali pa kuliweka."

"Mimi ndiye ghala lako?"

"Ukuta ulioanguka umekuachia nafasi kubwa!"

"Subiri," alisema Bibi Ralu. "Usiliweke chini. Wewe umeuona wangu, mimi sijauona wako. Sipokei kitu cha mtu nisiyemjua uwiano wake. Nifungulie na mimi, la sivyo rudi nalo."

Ignatis aliacha kucheka. Alisimama na debe lile begani mpaka nikadhani litamwangusha, akalitua kizingitini, akaenda zake bila kuaga. Mirsini alinisimulia baadaye kwamba alikwenda moja kwa moja ofisini kwake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alizungumza kwa sauti ya chini.

"Nionyeshe pa kubonyeza. Nataka Ralu aone wangu."

"Yeye peke yake?"

"Yeye peke yake. Mke wangu asione."

Mirsini akamwonyesha, kisha akageuza uso dirishani wakati Ignatis anaandika.

Macho ya Bibi Ralu hayasomi herufi ndogo, kwa hiyo aliniita. Nilimkumbusha kwamba mimi sina ruhusa. "Ruhusa nakupa mimi, soma," alisema. Mirsini akisikia hilo ataniua, lakini nilisoma. Ignatis, bingwa wa nne kwa moja, simba wa mkahawa, alikuwa amepata tisa kwa moja. Inzi alimla kuliko alivyomla Bibi Ralu. Na shamba lake si kubwa kuliko la huyu. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea mstari, lakini mstari mwingine haukuwepo.

 Bibi Ralu machozi yalimjaa, akayafuta kwa kitambaa cha jikoni, akakikunja tena vizuri.

"Mpumbavu mkubwa," alisema, kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao.

Tukalifungua debe, tukamimina nusu kwenye mtungi wake wa kioo. Nusu nyingine akanituma niirudishe. Nilimkuta Ignatis anapasua kuni. Nikamwambia kwamba Bibi Ralu ameishiwa na mahali pa kuweka. Alilipokea debe, akalipima kwa mkono, akaelewa, na nashangaa kusema kwamba hakupiga kelele yoyote. Aliniuliza tu kama mboga za porini bado ziko nyingi kule bondeni. Nikasema ziko.

Tangu hapo watu wamefunguliana kwa mtindo wao. Ndugu wa tumbo moja hawafunguliani kabisa. Mahasimu ndio wanafunguliana, kwa sababu hasimu hana sura ya huruma. Milango inapata madebe. Mirsini hajui nani kamfungulia nani na hataki kujua, na siku hizi anakaa kando ya jiko kinuni pamoja nasi, anachovya mkate, amenenepa kidogo, na hiyo inampendeza. Hata lile friji nasikia limeachwa bila kufuli Jumapili.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa mkahawani wote. Ignatis alikuwa ameshapata uzo, ile pombe yetu kali, na sauti yake ilikuwa imerudi.

"Nne kwa moja!" alikuwa akipiga meza. "Na inzi kapita! Kaona shamba langu akapiga saluti!"

"Toa ushahidi," alisema Taksiarhis. "Nani kaona?"

Wakaangua kicheko, wakaanza kumchokoza, nani kaona, nani kaona, mpaka shingo ya Ignatis ikaanza kuwa nyekundu. Bibi Ralu alikuwa meza ya pembeni na mimi. Aliweka kikombe chini.

"Nimeona mimi," alisema. "Alinifungulia. Nne kwa moja, na kidogo juu."

 Ignatis alitazama ndani ya glasi yake. Mimi niliuma ulimi, na wanaonijua wanajua iliniuma kiasi gani.

Taksiarhis hakuridhika. Alimgeukia Mirsini, aliyekuwa karibu na mlango na mumewe. "Wewe una funguo kubwa. Hebu tuambie, ni kweli?"

"Mwenye ruhusa ameshasema," alijibu Mirsini, akaagiza kahawa nyingine.

Ignatis akainuka, akavuta kiti chake mpaka meza yetu, na akakaa karibu na Bibi Ralu.